Siku ya Kwanza Hong Kong: Kupanda Mlima au Kuvuka Bandari?

Mgeni anayefika Hong Kong kwa mara ya kwanza ana njia mbili nzuri za kuianza siku: kupanda Victoria Peak kwa treni inayovutwa kwa kamba za chuma, iliyoanza kazi mwaka 1888, au kuvuka bandari kwa vivuko vya Star Ferry kutoka Central hadi Tsim Sha Tsui.

Mlima huo, wenye kimo cha mita 552, humwonyesha mgeni kila kitu kwa pamoja: maghorofa yaliyosongamana, maji, na Kowloon ng'ambo. Hata hivyo, foleni ya treni huwa ndefu, na mwezi wa Machi au Aprili ukungu unaweza kuufunika mji wote.

Kivuko hutumia takriban dakika 10 tu kwa nauli ndogo, na abiria anayeketi sitaha ya juu huiona bandari ikiwa kazini, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha mji huu. Akishuka hukutana na mnara wa saa wa mwaka 1915, uliobaki baada ya stesheni ya reli kubomolewa. Kisha, kwa mwendo mfupi wa miguu, hufika Barabara ya Nathan, lilipo jengo la Chungking Mansions, ambako wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wamenunua simu kwa miaka mingi.

Ningevuka asubuhi, na kuuacha mlima hadi jioni, anga ikiwa safi.