Mpini wa raketi ya tenisi: ununue saizi gani?

Muuzaji wa raketi atakusifia uzito, ukubwa wa kichwa na jina la kampuni. Saizi ya mpini ataitaja mwisho, au hataitaja kabisa, kwa sababu mara nyingi dukani ipo moja tu. Muulize wewe, tena kabla ya bei.

Saizi ni mzunguko wa mpini, na huandikwa kwenye kitako chake. Ulaya hutumia namba, Marekani inchi: 0 ni inchi 4, 1 ni 4⅛, 2 ni 4¼, 3 ni 4⅜, 4 ni 4½, na 5 ni 4⅝. Kutoka saizi moja hadi nyingine ni thumni ya inchi, yaani milimita 3 hivi. Ni kidogo kwa macho, lakini mkono unaijua.

Kupima hakuna gharama. Nyoosha mkono unaochezea, vidole vikiwa pamoja, kisha weka rula kuanzia mstari wa kati wa kiganja hadi ncha ya kidole cha pete. Sentimita 10.8 ni saizi 2, sentimita 11.1 ni saizi 3. Ukiwa dukani hakikisha tena: weka kiganja juu ya nyuzi, kishushe taratibu hadi kwenye mpini, ushike. Sasa ingiza kidole cha shahada cha mkono wa pili kati ya ncha za vidole na kitako cha kiganja. Kikienea sawasawa, umepata. Kisipopita, mpini ni mdogo. Nafasi ikibaki, ni mkubwa.

Hivi ndivyo ninavyozipanga mimi.

1. Saizi 2. Kama huna uhakika, chukua hii. Inawafaa wanawake wengi na wanaume wenye mikono ya wastani, na hata ukiwa na mkono mkubwa kiasi bado unaweza kuinenepesha. Rafael Nadal, mwenye urefu wa sentimita 185, alichezea saizi hiyo hiyo.

2. Saizi 3. Kwa mwanamume mwenye kiganja kipana, au anayependa mpini ujae mkononi. Ndiyo aliyotumia Roger Federer.

3. Saizi 1. Kwa mikono midogo na vijana wanaohamia raketi za watu wazima.

4. Saizi 4 na 5. Usinunue bila kushika kwanza. Mpini mnene huzuia kifundo cha mkono kugeuka vizuri wakati wa kuanzisha mpira.

Saizi 0 waachie watoto.

Ukijikuta katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Ovagripu moja, ule utepe mwembamba unaozungushwa juu ya gripu ya kiwandani (utepe mnene ambao raketi huja nao kwenye mpini), huongeza takriban nusu saizi; mbili, saizi nzima. Kupunguza mpini ndiyo kazi: raketi nyingi za siku hizi zina povu gumu lililofinyangwa juu ya fremu, na ukilichonga unaharibu umbo. Ila usitegemee ovagripu kuokoa mpini mdogo kupita kiasi. Raketi inayozunguka mkononi hukulazimisha kuikaba kila pigo, na anayelipa ni mkono wako hadi kwenye kiwiko.

Kwa wanaochezea Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ovagripu utaihitaji vyovyote vile kwa sababu ya jasho, kwa hiyo ihesabu tangu mwanzo. Ile kavu, kama Tourna Grip ya buluu, hushika vizuri zaidi ikilowa. Zile za kunata huanza kuteleza.

Raketi ya mtumba ina mtego wake. Kitako kinaweza kusomeka 2 huku mwenyewe wa zamani amezungusha ovagripu tatu, moja juu ya nyingine. Omba kuzibandua kabla ya kulipa, na utazame gripu ya ndani: ikiwa imekauka na kumeguka, weka bei ya gripu mpya kwenye mapatano.