Masters ya darasani au ya utafiti mtupu?

Wengi hapa Dar wanauliza ipi rahisi, mi naona swali la kwanza ni nani atakusukuma.

Ya darasani inakusukuma yenyewe. Kuna ratiba, mitihani, matokeo kila semista, ukiteleza unajua mapema maana sapu, ule mtihani wa marudio, inakukuta ukiwa bado na wenzako, mnakaa mnasoma usiku mnavuka, na ukizidi kuanguka unadisko, yaani unaondolewa chuoni, hamna longolongo. Kasheshe inaanza madarasa yakiisha, tasnifu, yaani andiko la utafiti wako, bado, wenzako wamerudi makazini na hakuna wa kukuuliza umefika wapi.

Sasa ile ya utafiti mtupu, isiyo na madarasa, hiyo hali ya kuwa peke yako ndo unaanza nayo siku ya kwanza. Hakuna GPA (wastani wa alama) ya kukutisha, kuna ripoti ya maendeleo inayotaka saini ya msimamizi, na hapo ndo watu wanapopotelea. Mi nilipeleka sura ya pili, ikakaa kwa msimamizi wangu miezi mitatu, nilikuwa natoka Mbagala alfajiri napanda daladala mbili nakuta mlango umefungwa na kile kikaratasi "nipo kikaoni". Siku iliporudi ina mistari miwili tu ya wino mwekundu. Muda wa usajili nao haukusubiri, ukipitiliza unaomba kuongezewa na ada juu.

Kama una ajira ya kutwa, chukua ya darasani jamani, zipo za jioni. Ya utafiti nenda ukishakaa na msimamizi kabisa, ukamuuliza ana wanafunzi wangapi na anarudisha kazi baada ya muda gani.