Safari fupi ya China: kabla ya kulipia treni, uliza stesheni iko wapi

Kila msimu wa maonyesho ya biashara ya Guangzhou ukiisha, simu yangu hujaa malalamiko, na safari hii yote yamefanana. Chukua la dada mmoja wa Kariakoo. Alimaliza kununua mzigo wake wa viatu, akaona si vizuri arudi Dar bila kuitembelea China yenyewe. Akamlipa wakala kwa dola, akauziwa siku tano: Guilin, Xi'an, Beijing, Shanghai. Kwenye karatasi ratiba ilipendeza. Treni ya mwendo wa saa mbili na nusu hapa, mwendo wa saa nne na nusu pale, hoteli ya nyota nne, kifungua kinywa ndani ya bei. Alichokiona kwa kushiba ni sakafu za stesheni. Ukuta Mkuu aliupitia mbiombio, na wale askari wa udongo wa Xi'an, zile sanamu za kale, hakuwaona kabisa, maana alifika kwenye jumba lao wakati linafungwa.

Wakala hakuandika uongo. Saa za treni zilikuwa za kweli. Alichoacha kuandika ni muda wa kuifikia treni na muda wa kutoka kwenye treni hadi kwenye kitu chenyewe ulichokwenda kukiona. Mwongozo huu unahusu hicho tu. Nguo za kubeba, hali ya hewa na nyota za hoteli kila mtu ameshaandika.

Kasoro ambayo haimo kwenye tiketi

Treni za mwendokasi za China, zile za herufi G, ni nzuri mno. Beijing hadi Shanghai ni kilomita 1,318, na zile za haraka zinamaliza kwa saa nne na nusu au pungufu. Lakini reli ya namna hiyo inataka mstari ulionyooka na ardhi ya kutosha, kwa hiyo stesheni nyingi mpya zimejengwa nje ya mji. Aliyepanda SGR ya Kenya ananielewa: tiketi inasema Mombasa, unashuka Miritini, inasema Nairobi, unashuka Syokimau, na matatu ya kukufikisha mjini ni juu yako.

Anza na Guangzhou, maana ndiko wengi wetu tunakoshukia. Treni nyingi za G zinaondokea Guangzhou Nan (Nan ni kusini; mbele utakutana na Xi, magharibi, na Bei, kaskazini), ambayo iko Panyu, kusini kabisa ya mji. Watu wetu wanalala Sanyuanli na Xiaobei, upande wa kaskazini. Kutoka Sanyuanli, metro namba 2 inakufikisha moja kwa moja bila kubadilisha, ila utapita mji mzima. Ukifika kuna mashine ya kukagua mizigo, kuna foleni ya pasipoti, kuna ukumbi ambao kuuvuka tu ni mazoezi. Geti nalo hufungwa dakika kadhaa kabla ya treni kuondoka, na hakuna wa kumbembeleza. Mimi kwa kila safari ya G naongeza saa tatu juu ya zile zilizoandikwa: mbili za kuondoka, moja ya kufika. Sasa rudi kwenye ratiba ya miji minne ndani ya siku tano, ujumlishe mwenyewe.

Mfano ninaoupenda ni Yangshuo, kule kwenye vilima vya mto Li. Stesheni inaitwa Yangshuo, na mji unaitwa Yangshuo, na kati yao kuna takribani kilomita 30 za barabara. Stesheni kwa kweli iko jirani na mji mdogo wa Xingping. Mawakala wanakuwekea hoteli Yangshuo mjini kwa sababu ndilo jina walilolizoea, halafu kesho yake wanakuuzia "safari ya Xingping" ukatazame mandhari iliyochapwa nyuma ya noti ya yuan 20. Yaani unalipa kurudi mahali ulipopita na begi lako jana. Lala Xingping. Utaamka mto ukiwa hapo hapo, na hiyo safari ya kuuziwa hutaihitaji.

Beijing ina tatizo la aina nyingine. Treni za Shanghai zinatumia Beijing Nan; za Xi'an na Guangzhou nyingi zinatumia Beijing Xi; za Ukuta Mkuu wa Badaling zinatokea Beijing Bei au Qinghe. Hizi ni stesheni tofauti, kila moja pembe yake, na dereva wa teksi ukimwambia "stesheni ya Beijing" atakupeleka ile ya zamani katikati ya mji, ambayo siyo hata moja kati ya hizo. Weka jina la stesheni kwa herufi za Kichina kwenye simu, umwoneshe.

Nafasi ya kwanza: treni ya G, miji miwili, tiketi unayoinunua mwenyewe

Napendelea 12306 na sifichi. Hiyo ndiyo programu ya shirika la reli la China lenyewe. Ina toleo la Kiingereza, inapokea pasipoti za kigeni, na haiongezi ada ya huduma. Jisajili kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu kuhakiki pasipoti kunaweza kuchukua muda. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote, kwa mpangilio ule ule. Tiketi ya karatasi hakuna. Pasipoti yako ndiyo tiketi. Ukibadilisha pasipoti baada ya kununua, umejitafutia kazi.

Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla ya safari. Soma hapo tena. Wakala anayekuambia miezi miwili mapema kwamba tiketi zako za treni "ziko tayari" hana tiketi. Ana pesa zako, na ana nia ya kujaribu.

Na hapa ndipo ninapochemka. Ukirudisha tiketi zikiwa zimebaki siku nane au zaidi, reli inakurudishia pesa yote. Zikibaki zaidi ya saa 48 wanakata asilimia 5, kati ya saa 24 na 48 asilimia 10, na chini ya hapo asilimia 20. Yaani hata ukiahirisha siku yenyewe, kabla treni haijaondoka, nne kwa tano ya nauli ni yako. Nimeletewa risiti za mawakala wetu zenye mhuri mkubwa "hairudishwi", kwa tiketi ambayo wao wenyewe wakiirudisha wanalipwa. Hiyo tofauti inakwenda kwa nani? Muulize wakala wako, umtazame usoni anapojibu.

Kama 12306 imekushinda, Trip.com inafanya kazi ile ile kwa ada kidogo na inakubali kadi nyingi za benki. Ni sawa. Siyo kipenzi changu, lakini ni sawa.

Daraja la pili linatosha kabisa. Viti ni vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, miguu inanyooka, na kila behewa lina bomba la maji ya moto bure. Beba majani yako ya chai na kikombe. Kwa Waislamu, chakula cha treni ni cha kubahatisha, basi beba cha kwako; Xi'an ukishafika hutahangaika, mtaa wa Waislamu pale kuna mishikaki ya kondoo ya kukusahaulisha kwenu.

Miji miwili ninayoichagua kwa siku tano ni Xi'an na Beijing. Kati yao ni saa nne na nusu hadi tano na nusu. Fika kwa ndege mji mmoja, ondoka mwingine. Ethiopian inatua Guangzhou, Beijing na Shanghai, kwa hiyo omba tiketi ya kuingilia Guangzhou na kutokea Beijing. Wakala atakuambia ni ghali zaidi. Mwambie apige hesabu ya nauli ya kurudi Guangzhou na usiku mmoja wa hoteli, kisha aje tuongee.

Nafasi ya pili, na kwa wengine ya kwanza: treni ya usiku

Hii watu wanaidharau kwa sababu ni ya polepole. Treni za herufi Z kutoka Beijing Xi kwenda Xi'an zinachukua usiku mzima, zaidi ya saa kumi na moja. Lakini zinakushusha stesheni ya zamani ya Xi'an, ambayo imekaa nje tu ya ukuta wa kale wa mji. Unatoka mlangoni, ukuta huo hapo. Yule wa treni ya G kashukia Xi'an Bei na bado ana metro ya kupanda. Wewe umelala njiani, hujalipa hoteli, na asubuhi yote ni yako kwenda Lintong kuwaona askari wa udongo, ambao wakulima waliwagundua mwaka 1974 wakichimba kisima. Kiingilio ni yuan 120.

Kitanda cha daraja la kawaida kwa njia hiyo hakifiki yuan 300. Viko sita kwa kila kijichumba, na hakuna mlango. Dada anayesafiri peke yake alipie daraja la juu, vitanda vinne na mlango unaofungwa, na aombe kitanda cha chini. Cha juu kabisa kile cha daraja la kawaida hukai wima hata ukitaka.

Ndege za ndani

Kwa Guangzhou kwenda Beijing peke yake, ndege inaishinda treni. Reli ni kilomita 2,298 na karibu saa nane. Ndege ni kama saa tatu. Ila tazama uwanja wa Beijing unaotua. Daxing, uliofunguliwa mwaka 2019, uko kilomita 46 kusini ya katikati ya mji; ule wa zamani, Capital, uko karibu zaidi. Treni ya Daxing ni ya haraka, lakini inakuacha Caoqiao, na huko bado ni kubadilisha metro.

Kitu kingine: tangu tarehe 28 Juni 2025, powabenki isiyo na alama ya usalama ya 3C ya China hairuhusiwi kwenye ndege za ndani. Ile uliyonunua Kariakoo inaweza kuishia kwenye pipa la uwanja. Nunua nyingine ukiwa Guangzhou, uihakikishe alama. Na mzigo wa biashara mwachie mtu wako wa kago kabla hujaanza kutalii. Wanaobeba marobota kwenda Ukuta Mkuu wapo, nimewaona.

Pakeji ya kikundi ya bei rahisi

Mtakaa saa nzima kwenye duka la vito vya jedi, saa nyingine kwenye duka la hariri, na nyingine mkionjeshwa chai ya bei ya kutisha. Sheria ya utalii ya China ya mwaka 2013 inakataza kuwalazimisha wageni kununua, lakini basi likishaegeshwa mbele ya duka utakwenda wapi? Mabasi ya mikoani kwa umbali huu yasahau.

Mambo ambayo wakala hakutajii

Hong Kong na Macau zinahesabika kuwa ni kutoka China. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja na ukapanda treni ya Guangzhou Nan kwenda Hong Kong kwa ajili ya picha za jioni, viza imekwisha. Hurudi. Na bado naletewa ratiba zenye "siku moja Hong Kong, bure" kwa watu wenye viza ya kuingia mara moja. Fungua ukurasa wa viza yako mwenyewe, usome idadi ya maingilio kabla ya kulipa chochote.

Kasri la wafalme la Beijing, Gugong, hufungwa Jumatatu, na tiketi hununuliwa mapema kwa pasipoti. Zinafunguliwa siku saba kabla na huisha upesi. Kwa Ukuta, Badaling ina stesheni ya mwendokasi iliyochimbwa mita 102 chini ya ardhi. Ni stesheni ambayo kwa mara moja iko pale pale jina linaposema, na kwa sababu hiyo kila mtu anashuka hapo. Mimi huenda Mutianyu, takribani kilomita 70 kutoka mjini, kwa gari la kukodi tukigawana. Reli haifiki mlangoni pake, na hiyo ndiyo nafuu yake.

Wa Shanghai: treni za G zinashukia stesheni ya Hongqiao, iliyo ubavuni mwa uwanja wa ndege wa jina hilo hilo, lakini ndege nyingi za nje zinaondokea uwanja wa Pudong, upande wa pili wa mji. Tangu mwisho wa 2024 kuna treni inayounganisha viwanja hivyo viwili kwa dakika 40 hivi. Kabla ya hapo ilikuwa metro namba 2, na wenye haraka walilia.

Pesa: unganisha kadi ya Visa au Mastercard na Alipay, programu ya China ya kulipia kwa simu, ukiwa bado nyumbani, uijaribu kwenye kitu kidogo siku ya kwanza. WhatsApp na Google havifunguki kwa intaneti ya huko. Laini ya nyumbani yenye huduma ya kimataifa huwa inavipitisha.

Kuhusu tarehe, maonyesho ya vuli huanza Oktoba 15 na kumalizika Novemba 4. Wiki ya kwanza ya Oktoba China nzima iko likizo, na tiketi za treni zinaisha punde zinapofunguliwa. Maonyesho ya masika nayo awamu yake ya mwisho ni Mei 1 hadi 5, siku zile zile za likizo ya wafanyakazi, kwa hiyo usipange kutalii moja kwa moja kutoka ukumbini. Ukiweza, tembea baada ya Novemba 4. Beijing itakuwa baridi, lakini Gugong inashuka kutoka yuan 60 hadi 40, na kwenye 12306 utachagua hadi kiti cha dirishani.