Mrija wa kioo wa kuonyesha mtawanyiko wa gesi: nyota tatu kati ya tano

Seti ina mrija wa mita moja, vizibo viwili vya mpira na vibano vya kuushikilia ulale sawa. Asidi, amonia na pamba unajitafutia mwenyewe. Nafundisha kemia, naitumia na kidato cha tatu, na kwa kuwafanya wanafunzi wanyamaze watazame, haina mpinzani. Pamba yenye amonia upande huu, yenye asidi hidrokloriki upande ule, mnaziba kwa pamoja. Baada ya dakika kadhaa inajichora pete nyeupe ya kloridi ya amonia, karibu zaidi na upande wa asidi. Hata anayesinzia nyuma anaona kwamba gesi nyepesi ndiyo iliyofika mbali.

Kilichonikera ni karatasi ya maelekezo. Inadai pete itatokea sentimita 59 kutoka kwenye amonia. Hesabu inajulikana: uzito wa molekuli ni 36.5 ya asidi kwa 17 ya amonia, na kipeuo cha pili cha uwiano huo, yaani amonia inavyoizidi asidi kwa mwendo, ni kama 1.47. Kwetu pete huangukia karibu zaidi na katikati, na siwalaumu wanafunzi. Mkemia Thomas Graham, aliyechapisha mwaka 1833 kanuni inayotumika kwenye hesabu hiyo, alikuwa akipitisha gesi kwenye matundu madogo ya kizibo cha plasta. Mrija huu umejaa hewa. Molekuli ya amonia hukimbia zaidi ya mita 600 kwa sekunde, lakini ndani ya sekunde hiyohiyo inagongana na wenzake mabilioni ya mara, inarudishwa nyuma, inasukumwa pembeni. Kinachotakiwa kukadiriwa ni wepesi wa kila gesi kupenya hewa. Ukiingiza uzito wa hewa, takriban 29, kwenye hesabu, uwiano wa wepesi huo unashuka hadi kama 1.23. Karatasi haisemi neno juu ya hili. (Nguvu ya miyeyusho nayo huisogeza pete.)

Ukaushe mrija vizuri kabla ya kuanza, maana gesi zote mbili huyeyuka upesi kwenye maji. Madirisha wazi, miwani machoni.

Muuzaji anao pia wa nusu mita, nao ndio ningewashauri walimu wenzangu wachukue. Kwenye mtawanyiko, umbali ukiongezeka mara mbili muda huongezeka kama mara nne, na kipindi chetu ni dakika 40 tu.