Uzoefu wangu na Ski-Doo Elan ya mwaka 1974

Ski-Doo Elan ni pikipiki ya theluji iliyoingia sokoni mwaka 1971 na kuendelea kuundwa hadi mwaka 1996, na katika muda wote huo umbo lake lilibadilika kidogo sana. Yangu ni ya mwaka 1974: boneti ya njano, skii mbili za chuma mbele, kiti kirefu cheusi, na injini ya Rotax ya silinda moja, yenye ukubwa wa karibu sentimita za ujazo 250. Nimeitumia hapa Quebec, nchini Kanada, katika mashamba na misitu iliyo kati ya Sherbrooke na Valcourt, na ninaipendekeza kwa moyo wote kwa mtu anayekwenda taratibu, anayebeba mzigo mdogo na anayependa kutengeneza chombo chake mwenyewe. Anayetaka kasi, au kiti kisichomtikisa, atafute mashine za miaka ya baadaye.

Ili kuielewa Elan, ni lazima kwanza kujua ilitokana na shida gani. Joseph-Armand Bombardier, mzaliwa wa Valcourt na fundi wa magari, alikuwa ameanza kujaribu vyombo vya theluji tangu ujana wake, lakini mwaka 1934 mwanawe mdogo, Yvon, alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo kwa sababu njia zilikuwa zimefungwa na theluji na hapakuwa na namna ya kumfikisha hospitalini. Sisi tuliokulia Kivu, ambako mvua hukata barabara na mgonjwa hubebwa kwa machela mpaka kwenye zahanati, hatuhitaji maelezo marefu kuhusu uchungu huo. Mwaka 1937 Bombardier alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu lenye meno lililovikwa mpira, ambalo lilizungusha mkanda wa kutembelea juu ya theluji, na kutokana na mfumo huo akaunda B7, gari la kuchukua watu saba, kisha B12, lenye bodi ya mbao na madirisha ya duara, ambalo lilibeba madaktari, barua na abiria wa vijijini wakati wa baridi. Biashara hiyo ilipata pigo mwaka 1948, serikali ya Quebec ilipoamua kwamba barabara za vijijini nazo ziondolewe theluji, kwa kuwa magari ya kawaida sasa yaliweza kupita.

Chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili, ambacho Bombardier alikitamani tangu mwanzo, kilisubiri mambo mawili: injini nyepesi, na mkanda mpana wa mpira usio na kiungo, ambao mwanawe Germain alishiriki kuubuni. Ski-Doo ya kwanza ilitoka mwaka 1959, ikiwa na injini ya Kohler ya nguvu za farasi 7, na mojawapo ya mashine za majaribio ilikabidhiwa kwa padri Maurice Ouimet, mmisionari katika eneo la Lansdowne House, kaskazini mwa Ontario. Ninalitaja jambo hili kwa sababu Elan imebaki na roho ileile: ni chombo cha kazi kilichopunguzwa hadi vitu vya lazima tu.

Uamuzi wa usanifu ninaouthamini zaidi ni mahali injini ilipowekwa. Washindani wao, kampuni ya Polaris ya huko Roseau katika jimbo la Minnesota, Marekani, walitangulia kuuza mashine ya Sno-Traveler, nao waliiweka injini nyuma. Ilikuwa imara, na mwaka 1960 Edgar Hetteen, mmoja wa waanzilishi wa Polaris, na wenzake walivuka Alaska kwa mashine za aina hiyo, lakini ilikuwa nzito. Injini ya Elan iko mbele, juu ya skii, kwa hiyo uzito wake unazisaidia skii kushika theluji wakati wa kukata kona, na dereva anakaa nyuma yake akipata hata joto kidogo miguuni. Katika theluji laini mashine haizami kwa urahisi, kwa kuwa mkanda wake una upana wa inchi 15 na wepesi wake unafanya sehemu iliyobaki ya kazi. Haina gia ya kurudi nyuma. Ninashika sehemu ya nyuma, ninainyanyua na kuigeuza nilipo.

Kuhusu starehe, nitasema wazi. Mkanda unabebwa na seti za magurudumu madogo yenye springi, mfumo wa zamani ambao hatimaye ulipisha reli za kuteleza katika mashine nyingi, na katika njia yenye matuta magumu kila tuta hupanda moja kwa moja hadi mgongoni. Faida ya magurudumu hayo ni kwamba yanazunguka vizuri hata pale theluji ilipo nyembamba, ambapo reli huhitaji theluji ya kuzipoza na kuzilainisha.

Matengenezo ndiyo furaha yangu kubwa. Ukifungua boneti unaona kila kitu: kabureta, plagi, kamba ya kuwashia, na puli mbili zinazounganishwa na mkanda mmoja mdogo, tofauti na ule wa kutembelea. Puli ya injini hujibana kadiri mzunguko unavyoongezeka na ile ya pili hufunguka, kwa hiyo uwiano wa mwendo hubadilika wenyewe bila dereva kugusa gia yoyote. Petroli huchanganywa na oili kabla ya kutiwa tangini, kwa kipimo cha kitabu cha mashine, na plagi ya akiba ni lazima iwe mfukoni. Kwa kuwa mashine iliundwa kwa robo karne, spea bado zinapatikana kwa wauzaji wa vitu vya zamani, tena kwa bei ya wastani.

Anayetaka kununua aanze kwa kukagua mkanda wa kutembelea, hasa kingo zake na mahali fimbo za chuma zinapopita ndani ya mpira, kwa sababu kuubadilisha kunaweza kugharimu zaidi ya kuifanyia injini matengenezo. Kisha avute kamba ya kuwashia taratibu asikie kama mgandamizo ndani ya silinda unapinga mkono, na aombe kuiona ikiwashwa ikiwa baridi kabisa, si baada ya mwenyewe kuipasha moto kabla mnunuzi hajafika.