Kodi boti kwa kimo chake, sio kwa idadi ya vitanda (wiki yetu Norfolk Broads)

Nimechelewa sana kuandika hii, safari yenyewe ilikuwa Mei 2018, ila juzi kuna jamaa kaniuliza kuhusu kukodi boti kule Norfolk Broads, yaani ile mito na maziwa ya mashariki ya Uingereza, nikaona bora niandike mara moja nisije nikarudia kila siku. Jina la kampuni sitaji, kwa sababu watu wenyewe walikuwa waungwana na kosa lao lilikuwa moja tu, lakini lilikuwa kubwa.

Tulikuwa watu watano, mimi, wife, watoto wawili na shemeji. Shemeji ni mrefu, mrefu kwelikweli, sasa wakati wa kubuku nikawa nasaka boti ambayo mtu wa aina yake anasimama ndani bila kuinama. Nikaipata. Vitanda sita, jiko la gesi, friji, bafu la maji moto, usukani uko ndani kwenye kioo kikubwa. Kwenye simu nikamwambia yule dada wazi kabisa, sisi tunataka kwenda kwenye maziwa ya Hickling na Horsey, akasema "lovely", akachukua hela. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuna daraja la chini njiani.

Asubuhi ya kuanza pale Wroxham mambo yote safi. Fundi alikaa na sisi karibu saa nzima, akatufundisha kufunga kamba, kurudi nyuma, kuangalia mafuta, akatuonya tusikimbize maana mito ile ina spidi zake, sehemu nyingine maili 3 kwa saa, nyingine 6 ndio mwisho, mawimbi yanabomoa kingo na yanawamwagia chai walioegesha. Mimi nimekulia pwani nikajiona nahodha, ndani ya dakika kumi nimeshagonga gati. Wakacheka tu. Boti ina matairi pembeni kwa ajili ya watu kama mimi.

Tukashuka na mto Bure, tukapita Horning, tukakata kushoto kuingia mto Thurne, mnara mweupe wa upepo wa Thurne unauona kutoka mbali kwenye ile nchi tambarare, halafu nyumba ndogondogo za mbao zimepanga foleni ukingoni mpaka unafika Potter Heigham. Na pale ndio safari ikaisha.

Daraja la Potter Heigham ni la mawe, la tangu karne ya 14. Lina tao moja la katikati la duara na mawili madogo pembeni ambayo boti hata haifikirii. Sasa tao la duara maana yake nafasi ya juu unaipata katikati tu, ukienda kidogo kulia au kushoto unaacha paa. Maji yakijaa kawaida nafasi inabaki kama futi 6 na nusu, yaani mita 2 tu. Ndio maana wakati ule boti ya kukodi ulikuwa huruhusiwi kupita nayo mwenyewe, lazima aje rubani wa daraja, anapanda, anaangalia ubao wa vipimo, anaipenyeza yeye huku nyie mmekaa chini kama watoto wa shule. Wroxham pia wana daraja lao fupi na rubani wake, ila hili ndio lenye roho mbaya zaidi.

Rubani akaja, mzee mmoja mpole. Hakuuliza hata jina. Akaitazama boti yetu, akaangalia kibandiko kwenye usukani kilichoandikwa kimo, yaani kutoka majini mpaka paa, futi 7 na kitu, akatingisha kichwa. Nikamwambia basi tusubiri maji yapwe. Akasema pale maji hayapwi kama baharini, tofauti ni inchi chache tu, na ukitokea upepo wa kaskazini maji ya bahari yanarundikana kule Great Yarmouth kwenye mdomo wa mto, mto unashindwa kutoka, au mvua ikinyesha siku mbili, hata boti fupi zinakwama. Shemeji akauliza kwa siriasi kabisa, tukijaza tenki la maji na sote tukakaa omo, kule mbele, si itazama kidogo? Mzee akasema boti yenu hii haijawahi kupita na haitapita, na kule ofisini wanajua.

Wanajua! Hiyo ndio iliyoniuma. Kimo cha boti hakibadiliki, daraja lipo tangu kabla babu wa babu yao, mteja kakutajia mahali anapokwenda, sasa kinachokushinda kumwambia chukua ile nyingine ni nini.

Tukalala pale. Kesho yake tukachukua teksi mpaka Martham, kijiji kilicho upande wa juu wa daraja, tukakodi kiboti kidogo cha kutwa. Na hapo ndio nikaelewa kwa nini watu wanalipenda lile daraja pamoja na shida zake, maana boti kubwa zote zimebaki chini na huku juu kimya. Hickling ndio ziwa kubwa kuliko yote kule lakini kina chake ni cha kiunoni, unafuata nguzo, ukitoka nje ya nguzo unakaa kwenye tope. Haya maziwa yenyewe kumbe sio ya Mungu, watu wa zamani walichimba mboji ya kuchoma kama kuni, maji yakapanda yakajaza mashimo, na wataalamu walikuja kulithibitisha hilo miaka ya 1950 tu. Matete pande zote, ndio yale wanayoezekea mapaa. Tukapenya kamfereji kembamba mpaka Horsey, tukafunga kamba karibu na mnara wa upepo, tukatembea kwa miguu mpaka baharini. Watoto hawakutaka kurudi.

Kuhusu boti kubwa yenyewe sina neno, safi, hita inafanya kazi, choo hakikunuka mpaka siku ya mwisho. Nyota tatu. Wangeniuliza swali moja kwenye simu zingekuwa tano. Niliwaandikia, wakaomba radhi na kunipa punguzo la safari nyingine, nimelihesabu kama nusu nyota.

Ukibuku, mwambie akutajie kimo cha boti kwa futi na inchi, na umuulize hii inapita Potter Heigham mara nyingi au kwa kubahatisha. Zile zinazopita ni fupi, paa linakunjwa, ndani unatembea umeinama. Wife keshachagua mojawapo. Shemeji anasema yeye atalala hotelini.