Uzoefu wangu: kutembelea Las Huelgas, Burgos, kwa masista ambao askofu hakuwa na sauti kwao

Kama uko Hispania na unapenda historia ya Kanisa panda basi uende Burgos, ni kilomita 240 hivi kaskazini mwa Madrid. Wengi wakifika wanaangalia kathedro wanageuza, mi nasema usigeuze, tembea kwa mguu mpaka Las Huelgas, monasteri ya masista Wasitersiani (shirika la watawa wa Kikatoliki) iliyoanzishwa 1187 na mfalme Alfonso wa 8 wa Castilla, ufalme wa zamani humo Hispania, na mkewe Leonor, binti wa mfalme Henry wa 2 wa Uingereza.

Huzunguki peke yako, mnapelekwa kikundi na mwongoza watalii, maana masista bado wanaishi humo hadi leo. Sisi tulielezwa kwa Kihispania, na picha ndani hazikuruhusiwa.

Kilichonishika hasa ni habari za abesi, yaani mama mkuu wao. Huyu mama alikuwa chini ya Papa moja kwa moja, askofu wa Burgos hana la kumwambia. Alikuwa na ardhi, vijiji, anahukumu kesi, na padri akitaka kusoma misa au kuungamisha watu kwenye eneo lake lazima apewe kibali na abesi, mwanamke ndo anamruhusu padri jamani, enzi hizo!! Mwaka 1210 Papa Innocent wa 3 akaandika barua kali, amesikia maabesi wa upande wa Burgos na Palencia wanabariki masista wao, wanawaungamisha, wanasoma Injili na kuhubiri hadharani, akaagiza ikome. Lakini yale mamlaka ya kuongoza eneo yaliendelea karne na karne mpaka Papa Pius wa 9 alipoyafuta 1873. Mimi nimesomeshwa na masista, najua wanavyobeba mashule na mahospitali halafu kwenye maamuzi makubwa huwaoni, kwa hiyo kusikia haya nikiwa nimesimama palepale kulinigusa sana.

Alfonso na Leonor wote walikufa 1214 na makaburi yao yako kwenye sehemu ya kanisa walikosali masista. Kuna mimbari ya chuma inayozunguka, mhubiri anageuziwa upande wa masista au upande wa waumini. Kuna pia sanamu ya Mtakatifu Yakobo yenye mkono unaochezeka, inasemekana ilitumika kuwasimika wafalme kuwa mashujaa wa upanga (knights).

Chumba cha nguo za kale usikipite haraka. Askari wa Napoleon walipora makaburi mengi ila la mwanamfalme Fernando de la Cerda, aliyekufa 1275, lilibaki salama, na nguo zake alizozikwa nazo ziko pale, zina alama za ngome na simba, rangi bado unaziona.

Jumatatu wanafunga, angalia ratiba kabla hujakata tiketi ya basi. Na kama Kihispania hakipandi soma kwanza habari za maabesi, hiyo ndo sehemu ambayo ukiikosa umekosa kila kitu.